Ganda Nililolipitisha

Mume wangu alikufa asubuhi moja ya ukungu, kati ya Mafinga na Makambako. Alikuwa dereva wa lori la mbao. Lori lilipinduka kwenye kona, mbao zikasukumana mbele zikabonyeza kichwa cha gari, na watu wawili waliokuja nyumbani kutoa taarifa walisema hakuteseka. Niliwashukuru. Nikawauliza kama wameshakunywa chai.

Sikulia. Msibani sikulia, makaburini sikulia, na watu waliona. Wanawake wa kanisani walinizunguka wakisubiri nilie ili wanibembeleze, nami nikakaa pale mkekani nikitazama soksi zao. Mmoja alikuwa na soksi za rangi mbili tofauti. Nakumbuka hilo kuliko ninavyokumbuka mahubiri.

Nilimpenda mume wangu, lisije likaeleweka vingine. Ila nilikuwa kama mkono ulioulalia: unauona, unajua ni wako, lakini ukiufinya hausikii. Nilingoja ganzi iishe. Wiki zikapita, miezi ikapita, haikuisha.

Nilibaki Uyole, nje kidogo ya Mbeya, kwenye nyumba ya wakwe zangu. Binti yetu, mtoto pekee, alikuwa kidato cha pili shule ya bweni Iringa, na likizo ilikuwa mbali. Kwa hiyo tulikuwa watatu: mama mkwe, baba mkwe, na mimi.

Mimi ni Mhehe, wao ni Wanyakyusa. Nilipoolewa, mama mkwe aliniita pembeni akanieleza kwamba kwa ukoo wao mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, hakai naye chumba kimoja, wala hasemi naye ana kwa ana. "Siku hizi wengi wameacha," alisema, "lakini mzee wako kakulia kwenye hayo. Ukimheshimu hivyo, atafurahi." Nikaheshimu. Miaka kumi na sita nilimsalimia baba mkwe nikiwa nimepiga goti na kutazama viatu vyake. Viatu vyake nilivifahamu vyote. Sura yake niliijua kwa picha ya harusi tu.

Alikuwa ofisa wa wanyamapori mstaafu. Alikuwa na bunduki yake yenye leseni, na kibali cha kujaza upya risasi kwa matumizi yake na ya wakulima wachache wenye leseni zao, waliosumbuliwa na nguruwe pori mashambani. Kibali kilitundikwa ukutani kwenye fremu, na askari wa kitengo cha silaha walikuja kukagua kila mwaka. Kazi yenyewe aliifanyia kwenye chumba cha nyuma. Risasi ikishapigwa, kinachobaki ni ganda, na ganda zuri linaweza kutumika tena: unaliwekea fataki mpya ya kuwashia kitakoni, baruti mpya tumboni, kichwa kipya mdomoni. Ganda baya likitumika tena, moshi na moto vinamrudia mpigaji.

Miezi minne hivi baada ya mazishi, mama mkwe alinifuata uani nikianika nguo.

"Baba yako macho yamechoka," alisema. "La kushoto lina mtoto wa jicho, la kulia linaona mbali tu. Daktari kamwambia afanyiwe upasuaji, hataki. Jana kashika kijiko cha chai anakigeuzageuza, kumbe alidhani ganda."

"Pole yake."

"Anaomba umsaidie macho."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mimi, Mama?"

"Nani mwingine? Aliyekuwa anamsaidia ni mume wako, akirudi safari. Mimi macho yangu ndiyo haya."

Sikuwa na la kufanya siku nzima. Nikasema ndiyo, kama ningesema ndiyo kwa jambo lolote lile.

Walinipangia kigoda mlangoni mwa kile chumba, nikiwa nimegeukia nje, kwenye migomba. Baba mkwe alikaa kwenye meza yake, akitazama dirisha. Migongo yetu ilitazamana. Mama mkwe alisimama katikati, na siku ya kwanza ikaenda hivi:

"Mwambie achukue sumaku."

"Chukua sumaku."

"Mwambie aigusishe kwenye kila ganda, moja moja."

"Gusisha kwenye kila ganda, moja moja."

"Yanayonasa ayatupe kwenye ndoo."

"Yanayonasa tupa kwenye ndoo."

Wote watatu tulikuwa tunazungumza Kiswahili, umbali wa hatua tatu. Saa moja baadaye harufu ya mboga iliyoungua ikaingia. Mama mkwe akatupa mikono. "Mwe! Semezaneni wenyewe, Mungu atasamehe," akaondoka kwenda jikoni.

Nikasikia kiti cha baba mkwe kikilia.

"Mama," baba mkwe alisema, akiliambia dirisha.

"Abee, Baba."

"Umepata mangapi ya chuma?"

"Tisa."

"Yana rangi gani?"

"Saba ya kijivu. Mawili ya njano, kama yale mengine."

"Hayo mawili ndiyo yanayodanganya watu. Ni chuma kilichopakwa brasi juu. Jicho halitajua, sumaku inajua. Tupa."

Ndivyo tulivyoanza. Alifundisha polepole, bila kupandisha sauti, na mimi nilijifunza kwa vidole. Brasi ni shaba iliyochanganywa na zinki. Ina rangi ya njano, nzito kidogo mkononi, na sumaku haina habari nayo. Kuna brasi iliyopakwa nikeli, inang'aa nyeupe kama sufuria mpya; hiyo nayo ni brasi, nisiitupe. Aluminiamu ni nyepesi na ina wepesi fulani wa uwongo, unaijua kabla hujaitazama. Nayo sumaku haiishiki, kwa hiyo hapo lazima mkono ndio uamue.

"Kwa nini aluminiamu haifai, Baba?" niliuliza siku moja. Lilikuwa swali langu la kwanza kwake tangu niolewe.

Nilimsikia akiweka ganda mezani. "Bunduki ikilia, ganda linavimba. Linabana kuta za chemba, lile tundu linamokaa risasi, ili moshi usirudi nyuma. Moshi ukishapita, brasi inanywea kidogo, ndiyo maana unaweza kulitoa. Halafu unalibana kwenye mashine, linarudi umbo lake. Chuma kinavimba, lakini kunywea kwake ni kwa shida, na kukirudisha umbo ni ugomvi. Aluminiamu inavimba mara moja. Ukiilazimisha mara ya pili inachanika."

"Kwa hiyo brasi haiharibiki."

"Inaharibika. Inachoka polepole, ndiyo tofauti."

Hapo akanifundisha sehemu ngumu. Ganda la brasi lililotumika mara nyingi hukonda ndani, karibu na kitako. Nje unaweza kuona mstari mwembamba unaong'aa, kama alama ya pete kidoleni. Wakati mwingine huoni kitu. Alinipa kipande cha waya alichokinoa ncha na kukikunja kama kindoana. Unakiingiza ndani ya ganda hadi chini, unakivuta juu taratibu huku umekibana ukutani. Brasi nzima waya unateleza. Brasi iliyochoka, waya unadondokea kwenye kijishimo. Kijishimo ni kidogo sana. Ukiwa na haraka hukisikii.

Mimi sikuwa na haraka. Nilikuwa na asubuhi ndefu zisizo na kitu. Nilivuta waya, nikasikiliza, nikaweka ganda kwenye kopo la mazuri au kwenye ndoo, nikachukua lingine. Kazi ile haikuniuliza kama nimekula, wala haikuniambia Mungu ana makusudi yake. Baba mkwe hakuwahi kumtaja mwanawe. Nami sikumtaja. Tulikaa tumepeana migongo, mvua ikinyesha kwenye migomba, na kitu pekee kilichosikika ni maganda yakigusana kwenye kopo.

Nilikuwa hodari, naweza kusema hilo. Baada ya miezi miwili aliacha kurudia kazi yangu. Mwanzoni alikuwa anachukua kila ganda nililolipitisha na kulijaribu tena kwa waya wake. Siku moja nikasikia analichukua la kwanza, la pili, halafu akasita, akaanza kuyaweka kwenye mashine moja kwa moja. Ningekuwa mtu wa kawaida wakati ule, ningefurahi.

Wiki chache baadaye akaja mkulima kutoka Mafinga. Alikuwa na shamba la viazi na mahindi lililopakana na msitu wa misonobari, na nguruwe pori walikuwa wanatoka msituni na kufukua viazi mistari kwa mistari. Alirithi bunduki na kupata leseni yake kihalali baada ya baba yake kufariki, lakini risasi za aina ile zilikuwa adimu. Akaleta mfuko wa turubai uliojaa maganda ya zamani ya baba yake. Akaumwaga kwenye meza.

"Mzee, tafadhali angalia kama kuna yanayofaa," alisema.

"Mimi siangalii siku hizi," baba mkwe alijibu. "Anayeangalia ni mama hapo mlangoni."

Yule mkulima aligeuka kunitazama, akanisalimia kwa Kihehe: "Kamwene." Alikuwa amesikia kwa watu kwamba mimi ni wa Iringa. Nikaitikia.

Kazi ilinichukua siku tatu. Yalikuwa mchanganyiko mbaya: chuma chenye kutu, chuma cha kudanganya, aluminiamu chache, na brasi iliyokuwa imegeuka kahawia kwa kukaa. Brasi nilizisugua kwa maji ya ndimu na chumvi, nikazisuuza, nikazianika juani kwenye ungo wa mama mkwe. Zilipokauka zikawa nzuri, utadhani mahindi ya njano yaliyopukuchuliwa.

Siku ya tatu, karibu saa tano asubuhi, nilikuwa na ganda mkononi na waya ndani yake. Nikavuta. Waya ukadondokea kijishimo.

Nataka nieleze hili kama lilivyokuwa, kwa sababu nimeshajieleza kwa namna nyingi za kujipendeza. Sikuwa nimechoka. Hakuna aliyeniita. Mwanga ulikuwa mzuri. Nilirudisha waya ndani, nikavuta tena, ukadondokea palepale. Niliusikia kidoleni vizuri kabisa. Nikaligeuza ganda, nikauona na ule mstari, mwembamba, upande mmoja tu. Kisha nikaliweka kwenye kopo la mazuri.

Nilichukua lingine nikaendelea.

Sikumchukia baba mkwe. Sikumtakia mabaya yule mkulima. Nilijua maana ya ule mstari kama mtu anavyojua jina la mji mkuu wa nchi ya mbali. Nilijua, na haikunihusu. Jioni ile tulikula ugali na maharage, nikalala vizuri.

Baba mkwe alikuwa na kanuni moja: hakuna risasi aliyoijaza yeye itakayopigwa na mtu mwingine kabla hajapiga kadhaa mwenyewe, kwa bunduki ileile itakayotumika. Kwa hiyo ilibidi aende Mafinga. Mama mkwe hakutaka aende peke yake na macho yale. Akaniambia nimsindikize. Yule mkulima alikuja kutuchukua kwa gari lake. Baba mkwe akakaa mbele, mimi nikakaa nyuma pamoja na sanduku lililofungwa kufuli. Tulipita kwenye ile kona ya mume wangu. Nilijua ni pale kwa sababu nguzo ya kingo ilikuwa mpya. Baba mkwe alivua kofia, akaishika magotini hadi tulipopita, akaivaa tena. Mimi nilisoma bango la mbegu za mahindi.

Shamba lilikuwa zuri, limeinama kuelekea bondeni, na nyuma yake misonobari imesimama kwa mistari. Walichagua sehemu yenye ukingo mrefu wa udongo. Mkulima akaweka kipande cha ubao chenye duara la mkaa. Baba mkwe akaegemeza bunduki juu ya gunia la mchanga, akavaa miwani yake, akaniambia nirudi nyuma hatua kumi. Nikarudi kumi na tano.

Ya kwanza ikalia vizuri. Ya pili, ya tatu. Kila mara alitoa ganda, akalipapasa kwa kidole gumba, akaliweka mfukoni. Ya nne, ya tano. Mkulima alikuwa anacheka kwa furaha akisema risasi zinapiga palepale.

Ya sita mlio wake ulikuwa mwingine. Ulikuwa mfupi na mpana, kama mlango wa bati uliopigwa na upepo. Moshi ukatoka pasipostahili, ubavuni mwa bunduki. Baba mkwe aliiweka bunduki chini taratibu, mdomo wake ukielekea kwenye udongo, kama alivyofundishwa zamani. Kisha akakaa kitako kwenye nyasi.

"Mama," aliita. "Njoo uniangalie jicho."

Nilitembea hatua kumi na tano. Nilizihesabu. Nikapiga magoti mbele yake, nikamshika uso kwa mikono miwili, nikamtazama.

Kioo cha kulia cha miwani kilikuwa kimepasuka, nusu kimebaki kwenye fremu. Shavu lilikuwa jeusi kwa masizi, lina vidoa vidogo vya damu. Jicho lilikuwa jekundu na linatiririka. Lakini nilichokiona kwanza si jicho. Niliona nyusi za mume wangu zikiwa na mvi. Niliona lile kovu dogo la kidevuni ambalo kumbe si kovu, ni umbile, wote wawili walikuwa nalo. Ulikuwa uso ambao mume wangu angekuja kuwa nao, na sasa hatakuwa nao.

"Unaona nini?" baba mkwe aliuliza.

"Masizi, Baba. Na damu kidogo. Usilifikiche."

"Sifikichi."

Mkulima alileta chupa ya maji ya kunywa. Nikamlaza kichwa mapajani mwangu, nikamwagia maji jichoni polepole hadi chupa ikaisha, nikaomba nyingine. Mkulima alisema baadaye kwamba hajawahi kuona mwanamke jasiri hivyo. Sikumsahihisha.

Hospitali ya Mafinga wakalifunika jicho, wakatuandikia barua kwenda Iringa kwa daktari wa macho. Tulifika alasiri. Daktari alikuwa mwanamke mdogo kwangu, mwenye sauti ya ukali wa kazi. Akaniuliza mimi kwa sababu mkulima alikuwa ameenda kuegesha gari.

"Ndani ya jicho kuna kipande. Ni cha nini? Chuma?"

"Brasi."

"Una uhakika? Ni muhimu. Shaba ikibaki ndani inaliozesha jicho, siwezi kusubiri kesho."

"Nina uhakika. Nililipima na sumaku. Nililichagua mimi."

Akanitazama kidogo, akaandika, wakampeleka baba mkwe chumba cha upasuaji palepale. Alipotoka alinionyesha kipande juu ya pamba. Kilikuwa kidogo kama chembe ya sukari. Alisema amekiondoa kwa wakati na jicho litabaki mahali pake, lakini halitaona tena. Lile la kushoto, lenye mtoto wa jicho, sasa hakuna mjadala, litafanyiwa upasuaji hili la kulia likishatulia. Akanipa dawa ya matone na kunionyesha jinsi ya kuweka.

Siku mbili nilimwekea matone baba mkwe kila baada ya saa chache, wodini. Nililala kwenye benchi la nje. Mama mkwe alipiga simu, akalia kwenye simu, akasema anakuja. Nikamwambia asije, namwangalia vizuri. Siku ya tatu, nilipokuwa nafunga kichupa, nikasema.

"Baba, lile ganda nililisikia."

Hakugeuka. Alikuwa amelala chali, jicho moja bandeji, jingine limefumba.

"Ulisikia kijishimo?"

"Nilikisikia. Mara mbili. Na mstari niliuona."

"Ukaliweka kwa mazuri."

"Nikaliweka."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa anasikiliza redio ndogo ya simu, mpira. Mtu akafunga goli, mtangazaji akapiga kelele.

"Ulikuwa unataka nife?" baba mkwe aliuliza. Aliuliza kama anavyouliza rangi ya ganda.

"Hapana, Baba."

"Ulikuwa unataka nini?"

"Sikuwa nataka kitu. Tangu afe sitaki kitu chochote. Sijui kukueleza."

Alipapasa shuka, akalivuta hadi kifuani. Kisha akasema, "Mimi tangu afe sijaomba. Naenda kanisani, nasimama, nakaa, mama yako anadhani naomba. Kama ungeniuliza kwa nini nilikuwa sikubali wanitoe mtoto wa jicho, nisingekuwa na jibu." Akameza mate. "Lakini ungeweza kumuua yule mtu wa viazi. Ana watoto wadogo. Mimi ni mzee, yeye hakukukosea."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingeliweka."

"Ndiyo, Baba."

"Usimwambie mama yako."

Hakusema amenisamehe. Watu niliowasimulia, ambao ni wachache sana, hupenda kuniuliza hilo. Aliomba uji. Nikaenda kumtafutia uji.

Askari wa silaha alikuja wodini na daftari kuchukua maelezo. Nilisimama miguuni mwa kitanda. Baba mkwe alimwambia kwamba maganda yalikuwa ya zamani sana, kwamba mwenye kibali ni yeye, na kwamba mwenye kibali ndiye anayepaswa kukagua kwa mkono wake. Askari akaandika. Hakuna neno la uwongo katika hayo. Askari alinitazama, akaniuliza kama nina la kuongeza. Nilifungua mdomo. Baba mkwe akasema, "Huyo ni mkwe wangu, ananiwekea dawa." Askari akafunga daftari, akatupa pole, akaondoka. Nilikuwa na nafasi ya kumfuata kwenye korido. Sikumfuata.

Tulikaa Iringa wiki kadhaa, hadi jicho la kushoto likafanyiwa upasuaji. Siku walipolifungua, baba mkwe alitazama dirisha, akatazama shuka, akanitazama mimi. Sikuinamisha kichwa, nilikuwa nimeshasahau kukiinamisha. "Umekonda," alisema. Ndiyo maneno yake yote.

Aliporudi Uyole alikabidhi bunduki na kibali polisi. Maganda yote, mazuri na mabaya, yalichukuliwa kwenye gunia kwenda kuteketezwa. Ile meza alimpa jirani fundi viatu. Mama mkwe alikifanya chumba stoo ya viazi mviringo, akasema angalau sasa nyumba haina harufu ya baruti. Hadi leo anaamini ilikuwa bahati mbaya, na kila akinitaja kwa watu anasema, "Huyu ndiye aliyeokoa mzee wangu." Huwa naondoka hapo.

Yule mkulima alijenga uzio wa miti na nyaya kuzunguka viazi vyake. Nilimwandikia ujumbe kwenye simu mwaka uliofuata, nikamwambia ukweli wote, kwa maneno machache. Ujumbe ulionyesha umesomwa. Hakujibu. Siku moja nilimwona sokoni Mafinga akiwa amembeba mtoto mabegani, nikasimama, naye akageukia kwenye vitunguu. Ana haki.

Mimi sikubaki Uyole. Nilipata kazi ya jikoni kwenye kantini ya wafanyakazi Mgololo, karibu na kiwanda cha karatasi, na huko ndiko niliko. Naamka mapema, napika kwa sufuria kubwa, nanusa moshi wa kiwanda hadi nimeacha kuunusa. Ganzi haikuondoka kwa siku moja kama nilivyokuwa nadhani itaondoka. Inapungua sehemu moja, inabaki nyingine. Nilipoungua mkono kwa mafuta mwaka jana, nililia sana, kuliko jeraha lenyewe lilivyostahili, na wenzangu wa jikoni wakanikalisha chini na kunipepea kwa mfuniko wa sufuria. Nilidhani hapo ndipo kilio cha mume wangu kimeanza. Sijui. Hakikurudi tena.

Binti yetu sasa yuko chuo Iringa. Likizo iliyopita alikuja Mgololo, tukawa tunamenya ndizi, akaniuliza babu yake alipofukaje jicho, maana bibi anasimulia hivi na babu hasimulii kabisa. Nikamsimulia. Nilimsimulia kijishimo, mstari, na kopo. Aliacha kumenya.

"Ungemuua Babu," alisema.

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuwa shuleni naomba muwe wazima."

"Ndiyo."

Alinawa mikono, akaenda kukaa nje. Kesho yake alirudi chuoni siku tatu kabla ya wakati. Wiki mbili hakupokea simu zangu. Halafu akapiga mwenyewe, siku ya kazi, saa ya chakula cha mchana, kantini imejaa. Nilitoka nje nimsikie vizuri. Alikuwa anataka nimtafutie blanketi zito, kwa sababu chumba alichopanga kina baridi, na kama naweza nilipeleke Jumamosi. Nikamwambia naweza.